Gramu, Mkaguzi Aliyekataa Kuandika Maharage

Ndugu, jamaa, majirani, wastaafu wenzake wa ofisi ya mizani, na nyie mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa, karibuni nyote. Jina lake la cheti mmeliona kwenye jalada. Sisi tuliomjua tulimwita Gramu, na ndilo nitakalolitumia, maana hata ukimwita kwa hilo la cheti hakugeuka.

Mimi ni dada yake mkubwa. Kamati ya mazishi ilinipa nusu ukurasa. Nikauangalia ukurasa, nikamwangalia mdogo wangu, nikaona havitoshani. Kisha kamati ikaomba aya ya gereza itoke, isisomwe wala isichapwe. Na mtoto wa ndugu yetu aliyeuawa, ambaye Gramu alikuwa baba yake mkubwa na ndiye aliyemlea, alikuja kwangu juzi akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Akasema, "Shangazi, ukiisoma ile habari, mimi sibebi jeneza." Nimemsikia. Naisoma.

Gramu alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Aprili 1946, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, ile yenye mlango wa bati la kijani usiofunga mpaka uupige teke. Nilikuwa na miaka minne na nakumbuka kila kitu, hata yale ambayo sikuyaona. Mvua ilinyesha siku ile mpaka vyura wakapanda juu ya paa kuomba hifadhi. Mkunga alimnyanyua mtoto kwa mkono mmoja akasema, "Kilo tatu na robo." Mtoto akalia, akalia, hakunyamazishwa kwa titi wala kwa wimbo, mpaka mkunga alipompima upya mkononi akasema, "Haya basi, tatu na nusu." Akanyamaza papo hapo. Nikisema uongo radi inipige, na nyie mlio karibu nami msogee kidogo.

Tulikuwa watatu kwa mama. Mimi wa kwanza, Gramu wa pili, na mwaka 1955 akaja kitinda mimba wetu, tuliyemwita Mdogo mpaka alipoota ndevu na hata baada ya hapo.

Gramu alianza shule Januari 1954 akamaliza darasa la nane Desemba 1961. Mimi nilibaki nyumbani kuchota maji, kwa hiyo alichosoma kule alikuja kunimwagia mimi jioni, kama mtu anayerudisha ndoo. Mwaka alipojifunza uzani alitoboa vifuniko viwili vya sufuria, akavifunga kamba, akavining'iniza kwenye mti wa ufagio. Tangu siku hiyo hatukula mkate bila kupimiwa. Mimi nilikuwa mwizi wa mkate mwenye kipaji, na mizani ile iliniharibia kazi. Lakini nilimwona kwa macho yangu: ilipofika zamu ya Mdogo, Gramu alikuwa akibonyeza kifuniko cha jiwe kwa kidole kidogo ili mtoto apate zaidi. Huo ndio udanganyifu pekee wa mizani alioufanya maisha yake yote, na aliufanya kwa ajili ya Mdogo. Naomba mlishike hilo, hasa wewe uliyevaa kofia.

Tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa katika ofisi ya mizani na vipimo kama mbeba sanduku. Sanduku lilikuwa la mbao, na ndani yake mawe ya shaba ya kujaribia mizani, kila moja kwenye shimo lake lenye kitambaa chekundu, kama watoto wamelazwa. Mwaka 1970 akawa mkaguzi kamili, akapewa mhuri wa chuma wenye namba yake. Alipoingia sokoni wauza sukari waliugua ghafla. Kulikuwa na mwenye bucha mmoja aliyezoea kuikandamiza mizani kwa kidole gumba mpaka kidole kikawa kinakandamiza chenyewe, hata akiwa anakula, hata akiwa anaombewa. Gramu alimfuata wiki saba, kidole kikaacha kazi.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1972, na wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, fundi cherehani. Walijuanaje? Gramu alikwenda kushonesha suruali, akauona utepe wa wifi wa kupimia, akauomba, akaulaza kwenye rula yake.

"Mama, utepe wako umevutika. Umeongezeka vidole viwili."

"Wewe umekuja kushona au kunichongea?"

"Nimekuja kushona. Ila sasa naelewa kwa nini mtaa mzima unakanyaga suruali."

Wifi alimfukuza. Kesho yake Gramu akarudi na utepe mpya kama zawadi. Wengine huleta maua. Walijaliwa watoto wanne, na nyumba ile haikuwahi kuwa na saa inayokwenda mbele wala debe lililobonyea.

Sasa nafika nilikokatazwa. Mnanijua mimi kwa kutia chumvi. Kuanzia hapa kopo la chumvi naliweka chini.

Machi 1978 Gramu alipewa eneo jipya la kukagua, na ndani yake lilikuwamo gereza kuu. Gereza lilikuwa na mizani moja ya jukwaa, ile ya chini ya kupimia magunia, imewekwa stoo kati ya mapipa ya mafuta ya taa na rundo la ndoo. Kila mizani ina kadi yake, na kwenye kadi kuna mstari usemao: Bidhaa inayopimwa. Gramu aliona magunia ya maharage yamepangwa ukutani. Hakuuliza. Akaandika "maharage", akaijaribu mizani kwa mawe yake, ikawa sawasawa, akagonga mhuri. Akanywa chai na mtunza stoo, akaenda zake.

Machi 1979 akarudi. Daftari la stoo lilikuwa wazi juu ya mizani, na kwenye ukurasa kulikuwa na namba tatu tu za uzito: 58, 61, 49 na nusu.

"Mzee, maharage gani haya ya kilo arobaini na tisa na nusu? Gunia limetoboka?"

Mtunza stoo akatazama mlangoni kwanza. "Hayo si maharage, mkaguzi."

"Ni nini?"

"Ni wale wa chumba cha mwisho. Lazima wapimwe kabla ya siku yao. Mwepesi hupewa kamba ndefu, mzito kamba fupi. Na kanuni inasema mizani iwe na mhuri wa mwaka huo. Bila mhuri wako mkuu wa gereza hawezi kumnyonga mtu."

Gramu alinisimulia mwenyewe kwamba alikaa palepale kwenye jukwaa la mizani. Na mtunza stoo, mazoea yana tabu, akasoma kwa sauti: "Sabini na mbili."

Aliposimama aliichukua kadi akakata neno "maharage". Juu yake akaandika MTU. Akafungua orodha ya bidhaa ya ofisi yao: nafaka, nyama, pamba, ngozi, kahawa, misumari, chuma chakavu. Akaisoma mpaka mwisho. Chini ya kadi akaandika: "Haimo kwenye orodha. Sigongi." Akatia sahihi.

Barua zilikuja, na wifi bado anazo ndani ya bati la biskuti. Mkubwa wake alimwandikia kwamba suala la mizani inapima nini si lake, yeye aangalie kama inapima sawa. Gramu akajibu kwamba mstari wa kwanza wa kadi haumuulizi kama inapima sawa. Mkubwa akaandika tena: basi aandike "mizigo". Gramu akajibu: "Tangu 1965 sijaona mzigo ukipanda mizani kwa miguu yake." Hapo akaacha kupandishwa cheo. Machi 1980 akaandika tena MTU, akatia sahihi tena.

Basi mtu akisema Gramu alimtetea muuaji wa ndugu yake, namwomba ahesabu miaka. Alikuwa amekataa mara mbili kabla damu yetu haijamwagika. Kukataa wakati ule kulikuwa rahisi. Waliouawa na wafungwa wale walikuwa watoto wa mama wengine.

Mdogo alikuwa mlinzi wa bohari la vitambaa. Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 1980, alfajiri, utingo wa lori mwenye miaka ishirini na miwili alivunja dirisha aibe majora. Mdogo akamkamata shati. Utingo akampiga nondo ya kichwa, akakimbia. Mdogo alikuwa na miaka ishirini na mitano, na mtoto mmoja wa miaka mitatu, ambaye leo ndiye huyu wa kofia. Utingo hakusingiziwa. Alikiri mahakamani na mimi nilikuwepo, benchi la pili, nimeshika mkono wa mama. Mwaka 1982 alihukumiwa kunyongwa. Januari 1984 rufaa yake ya mwisho ikakataliwa. Mbele yake kwenye chumba kile walikuwamo kumi, wote wakingoja mizani.

Machi 1984 nilikwenda kwa Gramu. Nilimkuta mezani anafuta mawe yake kwa kitambaa.

"Kesho unakwenda gerezani," nikamwambia.

"Nakwenda, dada."

"Utagonga mhuri."

"Mizani ikipima maharage nitagonga."

"Si uandike maharage basi! Neno moja! Nani amewahi kufa kwa neno maharage?"

"Watatu, dada, wa mwaka ule wa kwanza. Na mwandiko ni wangu."

"Hao hawakumuua mtoto wa mama yako!"

Akaweka kitambaa chini. "Unadhani mimi simchukii? Nikikutana naye njiani nitamng'oa meno, kisha nirudi kutafuta yaliyobaki. Lakini hiyo itakuwa hasira yangu, na mimi ndiye nitakayefungwa kwa ajili yake. Hii nyingine haina hasira ndani yake. Hii mtu anapewa chai, anapandishwa mizani kama gunia, anasomewa kilo zake, anapigiwa hesabu ya kamba, kesho yake watu wanaamka, wananyoa ndevu, wanakwenda kumuua kwa saa. Yule utingo hakumfanyia hivyo Mdogo. Hata yeye hakufika huko."

"Wewe si ndugu yetu."

"Ni ndugu yenu. Ndiyo maana unanipigia kelele ndani ya nyumba yangu na sijakutoa nje."

Nikachukua jiwe la kilo mbili nikalirusha. Nilimlenga yeye, nikalipata kabati la wifi. Sahani sita. Gramu akaenda akaliokota jiwe, akaligeuza dirishani, akasema kwa huzuni kubwa kuliko niliyoiona msibani, "Limemeguka. Sasa si kilo mbili tena." Akakaa, akaliandikia ripoti.

Kesho yake akaenda, akaandika MTU, akatia sahihi. Mimi nikamnunia miaka mitano.

Gereza halikulala. Mkuu wa gereza alikwenda hospitali kuazima mizani, akapewa ya watoto wachanga, mwisho kilo kumi na tano. Akaenda kwa mama muuza nafaka mjini, mwanamke mwenye mizani nzuri ya jukwaa na mhuri mpya wa Gramu mwenyewe. Akamwomba kwa siku mbili tu.

"Mnataka kupima nini?"

"Kazi ya serikali, mama."

"Kazi ya serikali ina miguu?" Habari zilikuwa zimeshamfikia, mji haukosi midomo. "Hapa napimia watu unga wa uji wa watoto wao. Mkimpandisha hapo, mkanirudishia, nani atakuja kununua? Na akija, nitamtazamaje?" Akaketi juu ya mizani yake, akavuta kanga vizuri, akakaa hapo mpaka gari la gereza likaondoka. Mama huyo hakuwa mpole wala mcha Mungu, na mpaka leo watoto wake wanadai alikuwa akipunja. Lakini alikaa.

Gramu alikataa mara kumi na tatu, kila Machi, mpaka 1991 walipomhamisha. Wakapeleka mkaguzi mwingine. Kijana yule aliichukua kadi akasoma: MTU, MTU, MTU, mara kumi na tatu, na sahihi kumi na tatu. Ili agonge ilimpasa akate neno hilo kwa kalamu yake, aandike maharage kwa mwandiko wake. Akairudisha kadi kwenye faili akasema anaumwa tumbo. Aliyemfuata naye tumbo. Wa tatu aliomba uhamisho kabla hajafika getini. Mwaka 1996 adhabu za waliobaki kati ya wale kumi na mmoja zikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na mizani ile ikarudi kwenye magunia yake.

Mmoja kati ya kumi na mmoja ilikuja kujulikana, mwaka 1993, kwamba hakuua mtu. Alitoka, akaoa, akafungua duka la kinyozi. Watu hupenda nianze na huyo nikisimulia. Sianzi na huyo, wala simtegemei. Huyo kila mtu anamhurumia bure. Mimi nazungumzia yule aliyeua.

Kununa kwangu kulikatwa na mama. Mwaka 1989, akiwa na fimbo na jicho moja, alisema anataka kwenda kumwona utingo. Tulidhani anakwenda kumlaani, tukamsindikiza kwa furaha. Akaketi upande wake wa wavu, akamtazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mwanangu alisema nini mwisho?"

Miaka tisa hakuna hakimu, askari wala padri aliyewahi kuuliza hilo. Utingo akajibu, "Aliomba maji, mama. Alisema, nipe maji. Bomba lilikuwa hapo hapo. Nikakimbia."

Mama akasema, "Basi kila ukinywa maji, umkumbuke. Kila siku. Na uishi sana."

Tulipotoka nje ya geti mama alinishika mkono akaniambia, "Wangemnyonga, hilo neno la mwanangu wangelinyonga nalo. Nenda kamsalimie mdogo wako." Nilikwenda siku hiyo hiyo, na sahani sita kwapani. Gramu alifungua mlango, akaziangalia, akasema, "Moja ina ufa." Tukacheka mpaka tukalia, au kinyume chake.

Wako watakaosema hapa leo kwamba aliyeua auawe ili wengine waogope. Utingo alipoinua nondo alikuwa anaogopa kuliko sungura, ndiyo maana aliinua. Wako watakaosema damu hulipwa kwa damu. Mimi nilidai malipo hayo kwa sauti kubwa kuliko ninyi nyote, nikarusha na jiwe. Nawaambia kama mdai: nisingepata kitu. Ningepata maiti ya pili na mama asingepata lile neno.

Gramu alistaafu tarehe 30 Juni 2001. Aliishi kwa kutengeneza saa za majirani na kugombana na wauza vocha. Aliwahi kujilaumu? Ndiyo. Hakuwahi kujilaumu kwa ajili ya wale kumi na mmoja. Alijilaumu kwa ajili ya wale watatu wa 1978, kwamba aliona magunia ukutani hakuuliza. Alipolazwa Februari mwaka huu kwa ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, muuguzi alimwambia kila asubuhi, "Babu, panda mizani." Naye akamwambia, "Nioneshe mhuri." Ulikuwa umepita muda miaka mitatu. Hakupanda. Homa ilipozidi alikuwa akirudia, "Hamsini na nane, sitini na moja, arobaini na tisa na nusu." Muuguzi akadhani ni namba ya simu, akaiandika pembeni ya faili, akatuomba tumpigie mwenye nayo. Tulimwambia hapatikani.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tisa alasiri, wifi akimkanda miguu, mimi nikimdanganya kuhusu wale vyura. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Dada, walikuwa wangapi?" Nikasema, "Mia mbili." Akasema, "Punguza."

Gramu ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na mimi. Ameacha mtoto wa ndugu yake, aliyempeleka shule kwa mguu kila asubuhi miaka saba na kumfundisha kunyoa ndevu.

Ameacha pia watu wengine wanne walio hai, kati ya wale kumi na mmoja. Kamati ilisema hawa si wafiwa. Mimi sijui mtu anaitwaje akiwa anapumua kwa sababu ya fulani na fulani huyo amekufa. Mmoja ni kinyozi. Wawili ni wazee wagonjwa. Wa nne ni utingo, ana miaka sitini na sita, bado yuko ndani. Sijui kama amekuwa mtu mwema. Sikuuliza, na Gramu hakuwahi kuuliza. Nilimpelekea habari za msiba, na nimemwandika hapa, chini ya wajukuu, kwa wino uleule.

Na wewe mwanangu wa kofia, una haki ya kukasirika. Baba yako alikuwa mtoto wetu wote. Wabebaji wapo watano, nimewakataza kutafuta wa sita. Mshikio wa mbele, upande wa kulia, uko wazi, na jeneza halitanyanyuliwa mpaka tumekupa muda. Usipokuja, mimi nina miaka themanini na miwili na mkono mmoja mzima. Nitaushika.

Lala kwa amani, mdogo wangu. Kadi yako ipo kwenye faili, na hakuna aliyethubutu kuikata.